Mgongoni mwa Kadi

Mwanamke aliyekuja kumpaka hina binti yangu alikuwa kijana mno kwa kazi ile, nami nilishaanza kumkosoa kimoyomoyo tangu alipovua viatu mlangoni. Mara akafungua kichupa cha mafuta ya karafuu, akadondosha matone machache kwenye hina yake, na mimi nikasahau nilichokuwa nakosoa. Niliinuka nikaenda jikoni, nikajifanya natazama maandazi. Mama yangu, ambaye siku hizi haoni vizuri lakini hapitwi na jambo, aliniuliza kwa sauti kutoka sebuleni, "Una nini wewe?" Nikamwambia sina kitu. Nilikuwa nacho. Nilikuwa na Bi Hansa, ambaye sijapata kumtaja kwa mtu tangu nikiwa na miaka tisa.

Tulihamia Kariakoo kutoka Magomeni wakati ule biashara zilipofunguliwa na ruksa ikawa ruksa kweli. Watu waliokuwa wakificha sabuni chini ya vitanda walianza kuzipanga barabarani mchana kweupe. Mama aliacha ukarani, akapata fremu ya kuuzia viatu na vitenge, na kabla sijazoea mtaa akaanza safari za Dubai. Baba nilikuwa simjui, alikufa mimi mchanga. Kwa hiyo Mama akisafiri nilibaki na Shangazi Mwanahawa, dada yake Baba, ambaye kutwa nzima alikuwa dukani. Nikitoka shule nilikuta wali umefunikwa kwa kawa na chumba kimya, ghorofa ya kwanza, juu ya mtaa uliojaa makelele ya watu wote isipokuwa yangu.

Barabarani nilikatazwa kushuka. Mikokoteni ilipita pale kwa kasi, na Shangazi aliamini kila mmoja umetumwa kuja kunikanyaga mimi. Niliruhusiwa mahali pawili tu: dirishani na uani. Dirisha letu lilikuwa na nondo, na nilisimama pale nimezishika kwa mikono miwili, paji la uso limegusa chuma, mpaka alama zikabaki. Nilikuwa mpweke. Wakati ule sikulijua neno lenyewe, nilidhani naumwa tumbo, na Shangazi alininywesha maji ya tangawizi karibu kila jioni.

Nilichokuwa nakitazama ni baraza ya nyumba ya ng'ambo ya barabara, ambako watoto wa mtaa walicheza kadi. Watu wa umri wangu watazikumbuka. Zilikuja ndani ya pakiti za jojo, ule ubani wa kutafuna, moja kila pakiti, na kila kadi ilikuwa na mnyama wa ajabu: simba mwenye mabawa, kasa mwenye pembe, joka linalotoa moshi. Pembeni palikuwa na namba ya nguvu zake. Wachezaji wawili waliketi wakitazamana, kila mmoja akalaza kadi yake kifudifudi, ubavu kwa ubavu na ya mwenzake, wakahesabu mpaka tatu, wakapindua. Mwenye nguvu nyingi alichukua zote mbili. Mkubwa wao alikuwa Zuhura, msichana mwenye sauti ya kondakta. Siku moja tulipopishana mlangoni aliniuliza, "We wa Magomeni, una kadi ngapi?" Nikasema sina. Akasema, "Basi," na hayo ndiyo yakawa mazungumzo yetu ya mwaka mzima.

Sifa kubwa ya kadi zile ilikuwa kwamba zimetoka ng'ambo. Lazima nieleze hili kwa wadogo zetu, maana hawataelewa. Siku zile kitu kikisemwa ni cha hapa, mtu alikishika kwa vidole viwili. Kikisemwa ni cha nje, alikinusa kwanza, akafumba macho. Kadi zilinuswa. Zuhura aliapa kwamba kuna mjomba wa mtu aliyeona kiwanda chake, kikubwa kuliko uwanja wa mpira.

Kiwanda chenyewe kilikuwa chini ya chumba chetu.

Nilikigundua kwa sababu ya kuruhusiwa uani. Mwenye nyumba, Bwana Vinodi, alikuwa na mashine ya kuchapa katika chumba cha chini, na mimi siku zote nilidhani anachapa vitabu vya risiti na kadi za harusi tu. Mlango wa nyuma ulifunguka uani, na karibu na mlango huo, penye mwanga, aliketi dada yake, Bi Hansa, mwanamke mjane wa makamo, mwembamba, kitambaa cha sari kimebanwa kiunoni ili kisichafuke wino. Alikuwa anachora. Nilisogea nikamwona simba mwenye mabawa akitoka katika kalamu yake, bado hana mkia.

"Shikamoo," nilisema, maana nilikuwa nimeshtuka na sikuwa na neno jingine.

"Marahaba. Wewe ndiye wa dirishani."

"Huyu simba si wa ng'ambo?"

Aliinua uso. Chini ya mdomo wake, kidevuni, alikuwa na nukta tatu za kijani, zile walizochanjwa wanawake wengine wa kwao tangu utotoni. "Simba huyu," alisema, "kazaliwa hapahapa, jirani na choo. Lakini ukisema, hatapata kazi."

Ndivyo nilivyopata siri, na nusu ya rafiki. Kila alasiri nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikanusa mafuta ya taa ya kusafishia mashine na mafuta ya karafuu ya mikononi mwake, kwa sababu Bi Hansa alikuwa pia fundi wa hina, na hapakuwa na harusi ya Wahindu wala ya Waswahili pale mtaani ambayo vidole vyake havikupita. Kadi zilizoharibika, ambazo rangi imekimbia au zimekatwa mshazari, alinipa mimi. Nilizitia katika kopo la maziwa ya unga. Sharti lilikuwa moja, zisitoke nje ya nyumba, kwani watoto wangeuliza nimezipata wapi na mimi sikuwa mwongo mzuri. Kwa hiyo nikawa na kadi nyingi kuliko Zuhura, na bado sikuwa na wa kucheza naye. Nilicheza peke yangu kitandani. Nilikuwa mkono wa kulia nikawa mkono wa kushoto, na mkono wa kulia ulikuwa hodari wa kuiba.

Ilikuwa katika kucheza huko ndipo nilipoziona nukta. Simba alikuwa nazo tatu kidevuni. Kasa alikuwa nazo tatu. Joka, ukitazama chini ya moshi, lilikuwa nazo. Pale barazani watoto walikuwa wamezigombania sana nukta zile, Zuhura akatoa hukumu kwamba ni alama ya kiwanda cha ng'ambo. Mimi niliteremka ngazi mbili mbili.

"Bi Hansa, ni wewe! Umo kwenye kadi zote!"

Akaweka kalamu chini, akatazama mlangoni kama kaka yake yupo. Hakuwepo. Basi akacheka, na sikuwahi kumwona akicheka vile. Akanionyesha mengine ambayo nisingeyaona hata kwa mwaka: nyuma ya joka, mlima uliokuwa kwa kweli paa la Soko la Kariakoo, chini ya tumbo la kasa, dele la muuza kahawa, katika bawa la simba, gurudumu la mkokoteni.

"Kwa nini hukuandika jina lako tu?"

"Mwenye jojo, anayetuagiza kadi, hataki. Anasema kadi ikiwa na jina la mtu wa hapa, nani atanunua? Vinodi naye anaogopa kumkosa mteja." Akachukua mkono wangu, akaufungua kiganja. "Bibi harusi wa kwetu, tunapompaka hina, tunaficha jina la bwana katikati ya maua. Harusi ikishapita, bwana analitafuta. Anashika mkono, anageuza huku, anageuza kule. Asipoliona, tunamcheka, anatoa zawadi. Unajua kwa nini tunaficha?"

"Ili atoe zawadi."

"Ili ashike mkono kwa muda mrefu," alisema Bi Hansa.

Sikuelewa. Nilichoelewa ni kwamba mtu anaweza kuwekwa ndani ya kitu, na watu wakamshika bila kujua. Siku ileile nikaanza kumwomba aniweke na mimi. Nilimwomba kwa siku nyingi, kwa ung'ang'anizi wa mtoto asiye na kazi nyingine. Mama alikuwa amekwenda Dubai mara ya tatu, akakawia. Niliona kwamba nikiwa kwenye kadi, hata kama ni kidogo kama punje, nitakuwa pale barazani kila siku pamoja na wenzangu, na tumbo litaacha kuuma.

"Haya," alisema mwishowe. "Zinakuja kadi mpya. Utakuwamo. Lakini utajitafuta mwenyewe."

Kadi mpya zilipotoka mashine nilipewa zilizoharibika, seti nzima. Hata migongo yake ilikuwa mipya. Zile za kwanza zilikuwa nyeupe nyuma, hizi zilijaa maua na majani yaliyosokotana kama hina. Maua mengine yalikatika ukingoni, kushoto na kulia, nikadhani mashine ya kukatia imekosea. Nilizigeuza migongo juu mara moja, nikazigeuza tena, maana wanyama walikuwa mbele. Nikaanza kujitafuta. Nilimkagua tembo mwenye magamba, nikamkagua kunguru mwenye taji. Niliwakagua wote videvu, masikio, kwato, mpaka nyuma ya kucha. Nilikuta nukta tatu. Nilikuta beseni la mama ntilie na pembe ya ng'ombe wa machinjioni. Mimi sikuwamo.

"Sijajiona," nilimwambia.

"Tafuta."

"Nimetafuta wote!"

"Tafuta tena, beta," alisema, akaendelea kuchora. Beta ni neno lao la kumwita mtoto kwa mapenzi, na siku ile lilinikera.

Nilitafuta wiki nzima. Nikawa nazipanga kadi zote kitandani, nyuso juu, safu kwa safu. Nilizipanga hivyo siku zote hata nikicheza. Mtu anayecheza peke yake hana wa kumfichia kadi.

Kisha likatokea jambo la barazani. Nilikuwa nimesimama mahali pangu, nimeshika nondo, na Zuhura alikuwa anacheza na mwenzake kadi mpya. Wakalaza kadi mbili kifudifudi, ubavu kwa ubavu. Badala ya kuhesabu, Zuhura akainama kuzitazama. Akainua uso moja kwa moja mpaka dirishani kwangu. Akanyoosha kidole. Wote wakanitazama, wakatazama chini, wakanitazama tena, wakaangua kicheko. Mmoja akashika hewa kwa mikono miwili, kuniigiza nilivyosimama. Nilifunga mbao za dirisha kwa kishindo, nikakaa gizani saa ya mchana, nikajua kwa yakini mambo mawili: kwamba watoto wa Kariakoo wananidhihaki, na kwamba Bi Hansa ni mwongo. Mambo yote mawili hayakuwa kweli, lakini kwa mtoto yakini haihitaji ukweli.

Kesho yake niliteremka uani nikamkuta Bwana Vinodi amesimama na mwenye jojo, bwana mnene mwenye shati la mikono mifupi, wanapitia kadi zilizokauka. Bi Hansa alikuwa mezani pake. Alinitabasamia. Nadhani lau asingetabasamu ningepita zangu.

"Shikamooni," nilisema. "Bi Hansa amejichora kwenye kadi zote. Tazameni videvu. Na ule si mlima, ni soko."

Bwana Vinodi alicheka kidogo, kama mtu anayecheka maneno ya mtoto mbele ya mgeni. Mwenye jojo hakucheka. Alichukua kadi moja, akaisogeza machoni, akamtazama Bi Hansa kidevuni, akachukua ya pili. Mashine iliendelea kugonga ndani. "Vinodi," alisema taratibu, "mimi hizi nimeziuza mpaka Morogoro kuwa ni za nje." Bi Hansa aliifuta kalamu yake kwa kitambaa, akaifunika, akaiweka sawasawa na ukingo wa meza.

Hasira hasara, husema wakubwa, lakini ile hasara aliibeba mwingine. Wiki iliyofuata meza haikuwepo penye mwanga. Kadi zilizokuja baadaye zilikuwa na picha zilizonakiliwa kutoka magazeti ya Kizungu, hazina nukta, na kwa kweli hazikupendwa, ingawa hilo halikumsaidia mtu. Bwana Vinodi hakunigombeza. Aliitikia shikamoo zangu kama kawaida, jambo lililokuwa baya zaidi. Nikasikia Shangazi akimwambia jirani kwamba dada wa mwenye nyumba anapelekwa Tanga kwa kaka mwingine, huko akasaidie kulea watoto.

Siku ya kuondoka alipanda ngazi mpaka mlangoni kwetu. Nilikuwa nyuma ya pazia. Niliziona ndala zake, na ncha za vidole vilivyokolea hina mpaka vikawa vyeusi. Harufu ya karafuu iliingia kabla yake.

"Uliona?" aliuliza.

Nikatikisa kichwa nyuma ya pazia, kana kwamba ataona.

"Umejitafuta peke yako," alisema Bi Hansa. "Hapo ndipo ulipokosea."

Akashuka. Sikumwomba radhi. Nilidhani ananisimanga kwamba sina rafiki, tena yeye, aliyekuwa anajua kuliko mtu yeyote. Neno lile nililibeba kama mwiba, na ubaya wangu mwenyewe nikaufunika chini yake. Mama alirudi kutoka Dubai amenenepa, amejaa zawadi. Tukahama mwaka uliofuata kwenda nyumba kubwa zaidi. Nikapata marafiki wa kawaida, mume wa kawaida, maisha. Kopo la maziwa nilihama nalo kila mahali. Nikiulizwa nilisema lina vifungo.

Basi nilikuwa jikoni, maandazi yameshaiva zamani, wakati yule kijana wa hina aliposema sebuleni, "Sasa bibi harusi, unganisha viganja." Nilichungulia mlangoni. Binti yangu Salma aliweka mikono yake ubavu kwa ubavu, na kile kilichokuwa majani yasiyo na maana kwenye kiganja kimoja, na majani yasiyo na maana kwenye kingine, kikawa ndege mmoja mzima, mwenye macho na taji. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilishika fremu ya mlango.

Nilikwenda chumbani nikaliteremsha kopo kutoka juu ya kabati. Nilirudi sebuleni nikaketi chini, miguuni mwa Mama, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na nafasi. Nikampa kadi moja ya zile zenye maua. "Mama, ilaze hapa. Mgongo juu." Nikalaza yangu ubavuni mwa yake.

Maua yaliyokatika yaliungana. Hayakuwa maua. Yalikuwa nondo za dirisha, na nyuma ya nondo mtoto wa kike, nusu uso kwenye kadi yangu na nusu kwenye kadi ya Mama, mikono miwili imeshika chuma, paji la uso limegusa. Kidevuni hapakuwa na nukta yoyote. Alikuwa mgongoni mwa kila kadi ya seti ile. Watoto wote wa Kariakoo, kila walipokaa wawili kucheza, walikuwa wakinitengeneza kwa mikono yao. Na Zuhura, siku ile alipoinua uso, alikuwa anahakikisha tu kama ni mimi. Alinionyesha kwa wenzake kwa furaha, nami nikamfungia dirisha.

Mama alizichukua kadi zote mbili, akazisogeza karibu na jicho lake zuri, akizishikanisha kwa vidole gumba ili zisiachane. Alikaa nazo muda mrefu. Sikuwa nimemwambia neno.

"Huyu ni wewe," alisema.

"Umenijuaje?"

"Ulikuwa ukisimama hivihivi kila nikiondoka. Nilikuwa naingia kwenye teksi, nakuona, najifanya sijakuona." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayeeleza bei ya kitu. "Ningekuona, nisingepanda."

Nililia basi, mbele ya wageni wa binti yangu, na wao wakadhani nalia kwa sababu anaolewa. Bi Hansa sijui yuko wapi. Kama yu hai ni bibi kizee wa watu, na Tanga si mbali kama nilivyojidanganya miaka yote hii. Salma, mikono imetandazwa hewani ikauke, aliuliza bibi yake anatazama nini. Mama alikuwa anachambua kopo, anazigeuza kadi migongo juu moja baada ya moja juu ya mkeka, na alipofika ya kumi aligawa mafungu mawili, akanisukumia langu.

"Haya, hebu nifundishe," alisema. "Inachezwaje?"